Kiungulia: moto unaopanda kutoka tumboni

Ndugu wasomaji, kiungulia si ugonjwa mgeni vijijini mwetu. Mtu amekula, ameshiba, amelala. Baada ya muda anahisi moto katikati ya kifua. Moto huo unapanda mpaka kooni. Mdomoni yanamjia maji makali kama ndimu. Mtu anaamka, anakaa kitako, anatema mate, anatafuta maji ya kunywa.

Asubuhi kila jirani ana dawa yake. Mmoja anasema, "Lamba majivu." Wa pili anasema, "Tafuna magadi." Wa tatu anasema, "Hapo kuna mkono wa mtu."

Leo tutaeleza mambo matatu. Kwanza, kiungulia kinatoka wapi. Pili, jinsi ya kukizuia nyumbani bila kutumia fedha nyingi. Tatu, dalili ambazo mtu asizivumilie hata kidogo. Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Watu wamepoteza maisha kwa kudhani kwamba wana kiungulia tu.

KIUNGULIA KINATOKA WAPI?

Chakula tunachomeza hupita kwenye njia inayoitwa umio. Umio ni bomba laini linalotoka kooni mpaka tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu sentimita 25. Ni pungufu kidogo ya rula ya mwanafunzi.

Tumbo la chakula ni mfuko. Mfuko huo hutengeneza maji makali yanayoitwa tindikali. Kazi ya tindikali ni kusaidia kusaga chakula na kuua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Kwa hiyo tindikali si adui yetu. Tunaihitaji.

Ndani ya tumbo kuna ute mzito unaozuia tindikali isilichome tumbo lenyewe. Umio hauna kinga kama hiyo.

Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo. Msuli huu hufanya kazi kama kamba ya kufungia mdomo wa gunia. Chakula kikija, unalegea na kukipitisha. Kikishapita, unakaza. Msuli ukilegea wakati usiofaa, tindikali hupanda juu na kuchoma umio. Huo ndio moto tunaousikia.

Ng'ombe hucheua majani na kuyatafuna tena. Kwake ni jambo la kawaida. Mtu mzima akicheua tindikali kila mara, umio wake unaweza kupata vidonda.

Kwa hiyo kiungulia hakitokani na moyo, wala hakiletwi na mchawi. Ni tindikali iliyopanda mahali pasipo pake.

KWA NINI MSULI UNALEGEA?

Sababu ni nyingi. Hizi ndizo tunazoziona mara kwa mara.

1. Kujaza tumbo kupita kiasi. Gunia lililojaa sana halifungiki vizuri. Tumbo nalo ni hivyo hivyo.

2. Kula na kulala papo hapo. Mtu akisimama au akikaa, tindikali hubaki chini. Akilala chali, umio na tumbo huwa karibu sawa, na tindikali hupita kwa urahisi.

3. Kuinama baada ya kula. Mkulima aliyekula ugali wa kutosha kisha akashika jembe la mkono hulikunja tumbo lake na kulibana.

4. Tumbaku na pombe. Sigara hulegeza msuli. Pombe nayo hulegeza, na tena huwasha umio.

5. Vyakula vyenye mafuta mengi. Hukaa tumboni muda mrefu kuliko vyakula vingine.

6. Unene wa tumbo, mkanda uliokazwa, au kanga iliyofungwa kwa nguvu. Vyote hulikandamiza tumbo.

7. Ujauzito. Tutaueleza peke yake.

Wakulima wengi hushinda shambani kwa kikombe cha chai au uji. Jioni wanarudi na njaa kali. Chakula kinaiva usiku. Mtu anakula mlo wa siku nzima mara moja, kisha anapanda kitandani. Hapo sababu mbili zimekutana: tumbo limejaa pomoni, na mtu amelala. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hilo huwapata baadhi ya watu wanaokula daku na kurudi kulala.

MAZUNGUMZO ZAHANATINI

Tuchukue mfano. Mzee mmoja mkulima amefika zahanati. Tabibu ni kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee wangu. Karibu kiti. Unasumbuliwa na nini?"

"Kifua kinaniwaka usiku. Mke wangu anasema ni moyo."

"Pole sana. Huwaka wakati gani?"

"Nikishalala. Nikiamka na kukaa, kinapungua."

"Ukitembea mlimani au ukilima, kifua kinabana?"

"Hapana. Nalima bila shida."

"Chakula cha usiku unakula saa ngapi?"

"Saa tatu, saa tatu na nusu. Nikimaliza nalala, maana nimechoka."

"Ukimeza ugali au nyama, inakwama njiani?"

"Haijawahi kukwama."

"Umekonda? Umetapika damu? Choo chako ni cheusi?"

"Hapana mwanangu."

"Vizuri. Unatumia dawa gani?"

"Nanunua vidonge vya mgongo dukani. Nameza kila siku nikitoka shamba."

"Mzee wangu, dawa hizo za maumivu nyingine huchubua tumbo na umio. Kesho niletee nizione."

Tazameni jinsi tabibu alivyouliza. Hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza saa ya kula, saa ya kulala, dawa anazomeza, na dalili za hatari. Nawe ukienda zahanati, jitayarishe kujibu maswali kama hayo.

TUMIA DAFTARI LAKO

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie kujitibu. Chukua daftari na kalamu. Kwa muda wa wiki mbili andika kila jioni: umekula nini, saa ngapi, umelala saa ngapi, na kama kiungulia kimekuja.

Mfano:

Jumatatu. Saa 3 usiku, ugali na samaki wa kukaanga. Saa 3 na nusu, nimelala. Saa 5, kiungulia kikali.

Jumanne. Saa 12 na nusu jioni, ugali na mchicha. Saa 4 usiku, nimelala. Sikupata kiungulia.

Baada ya wiki mbili soma ulichoandika. Utaona wapi pana tatizo. Mmoja ataona kwamba shida yake ni pilipili. Mwingine ataona ni kahawa, au soda, au machungwa, au nyanya nyingi. Wa tatu ataona kwamba vyakula vyote vinampatana, ila saa ya kula ndiyo mbaya. Hakuna haja ya kukatazana vyakula vyote. Acha kile tu kinachokudhuru wewe. Chakula cha kutosha na mboga za majani bado vinahitajika mwilini.

FANYA HAYA NYUMBANI

Kula kidogo kidogo. Kama unaweza, chukua chakula uende nacho shambani, usingoje mlo mmoja wa usiku.

Kula mapema. Baada ya kula kaa wima au tembea kwa muda wa saa 2 mpaka 3 kabla ya kulala. Piga soga, sikiliza redio, msaidie mtoto kusoma.

Inua upande wa kichwa wa kitanda. Weka matofali au magogo chini ya miguu miwili ya upande huo. Kimo kiwe karibu sentimita 15, yaani nusu ya rula ya mwanafunzi. Hakikisha kitanda hakitateleza. Anayelala chini aweke gunia la pumba chini ya godoro au mkeka, liwe mteremko kuanzia kiunoni mpaka kichwani. Kurundika mito chini ya kichwa hakusaidii, maana hukunja shingo na kubana tumbo.

Lalia ubavu wa kushoto. Kwa mlalo huo tumbo hukaa chini ya umio, na tindikali haipandi kwa urahisi.

Legeza mkanda na kanga. Acha sigara. Acha pombe, au uipunguze sana. Mwenye tumbo kubwa ajitahidi kupunguza uzito.

Meza vidonge kwa maji ya kutosha, ukiwa umesimama au umekaa. Kisha usilale kwa muda wa nusu saa. Kidonge kikimezwa kikavu kinaweza kunasa kwenye umio na kuuchoma. Dawa iitwayo doksisaiklini inajulikana sana kwa jambo hilo.

JE, MAGADI, MAJIVU NA UDONGO?

Magadi na majivu hupunguza ukali wa tindikali. Ndiyo maana mtu huona nafuu kwa muda mfupi. Lakini magadi yana chumvichumvi nyingi. Yakitumiwa kila siku yanaweza kumdhuru mtu mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au figo. Majivu makali yanaweza kuuchoma umio wenyewe.

Udongo unaweza kuleta minyoo. Tena huzuia mwili usipate madini ya kutengeneza damu. Mama mjamzito anayekula udongo anaweza kuishiwa damu.

Maziwa hutuliza kwa muda. Kwa baadhi ya watu kiungulia hurudi baadaye, kwa sababu tumbo hutoa tindikali nyingine ili kuyasaga.

DAWA ZA ZAHANATI

Zipo dawa za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hupunguza ukali wa tindikali iliyokwisha kutoka. Vidonge vya magnesi ni mfano wake. Hutafunwa, na nafuu huja upesi, lakini haidumu.

Aina ya pili hulifanya tumbo litoe tindikali kidogo. Omeprazoli ni mfano wake. Kwa kawaida humezwa karibu nusu saa kabla ya kula. Mgonjwa huitumia kwa wiki 4 mpaka 8, kwa maelezo ya tabibu. Si dawa ya kununua dukani na kumeza mwaka mzima bila kupimwa. Inaweza kutuliza moto huku ugonjwa mkubwa ukiendelea chini kwa chini.

Mweleze tabibu dawa zote unazotumia. Vidonge vya magnesi vinaweza kuzuia dawa nyingine zisifanye kazi. Miongoni mwake ni vidonge vya kuongeza damu, baadhi ya dawa za kuua bakteria, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Usiache dawa zako. Uliza tu zimezwe saa ngapi ili zisikutane.

KIUNGULIA SI VIDONDA VYA TUMBO

Siku hizi kila maumivu ya tumbo huitwa vidonda vya tumbo. Hayo ni makosa. Mwenye vidonda mara nyingi huumwa kwenye chembe cha moyo, yaani chini kidogo ya kifua. Mahali hapo panaitwa chembe cha moyo, lakini si moyo.

Zamani madaktari waliamini kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria wanaoishi ndani ya tumbo. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na tumbo lake lilipopimwa likakutwa limeumia kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vilivyoletwa na bakteria hao hutibiwa kwa dawa za kuwaua, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Ndiyo sababu ni muhimu kupimwa, si kukisia.

KWA KINA MAMA WAJAWAZITO

Mama mjamzito hupata kiungulia kwa sababu mbili. Mabadiliko ya mwili wakati wa mimba hulegeza ule msuli. Kisha mtoto anapokua hulisukuma tumbo la chakula juu. Wengine husema ni nywele za mtoto zinazochoma. Mtoto yuko ndani ya mfuko wa uzazi, hayuko ndani ya tumbo la chakula. Nywele zake haziwezi kumchoma mama kifuani. Kiungulia cha mimba kwa kawaida huisha baada ya kujifungua.

Lakini mama, sikiliza hapa. Mimba ikiwa imefikia miezi mitano au zaidi, na ukapata maumivu makali juu ya tumbo au chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, au uso na mikono kuvimba, hicho si kiungulia. Inaweza kuwa dalili ya kuja kwa kifafa cha mimba. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Watoto wachanga nao hucheua maziwa. Kama mtoto ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, usiogope. Mbeba wima baada ya kunyonya. Kama anatapika kwa nguvu, anatapika nyongo ya kijani au damu, au haongezeki uzito, mpeleke zahanati.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI

Nenda zahanati au hospitali mara moja ukiona haya:

1. Chakula kinakwama kifuani unapomeza, au kumeza kunauma.

2. Unakonda bila sababu.

3. Unatapika damu, au matapishi yanafanana na machicha ya kahawa.

4. Choo ni cheusi kama lami.

5. Kifua kinabana kama kimebebeshwa mzigo, unatoka jasho, unahema, au maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa moyo.

6. Unakohoa kwa wiki 2 au zaidi. Tindikali inaweza kuleta kikohozi cha usiku, lakini kwanza lazima upimwe kifua kikuu.

Hata bila dalili hizo, kiungulia kikija mara 2 au zaidi kwa wiki, kwa wiki kadhaa, mwone tabibu.

Dalili ya kwanza, ya chakula kukwama, inahitaji maelezo zaidi. Saratani ya umio ipo kwa wingi katika nchi za mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupita Tanzania na Malawi, mpaka Afrika Kusini. Huja polepole. Kwanza nyama inakwama. Mtu anaacha nyama. Kisha ugali unakwama. Mtu anahamia kwenye uji. Kisha uji nao unakuwa mgumu. Mwisho hata maji hayapiti. Muda wote huo jamaa wanasema, "Ana kiungulia," au "Amewekewa kitu kooni." Anapofika hospitali amebaki mifupa, na ugonjwa umekwisha kusambaa.

Saratani hiyo katika nchi zetu hailetwi hasa na kiungulia. Tumbaku na pombe huongeza hatari yake. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda navyo vinaleta saratani ya umio. Kwa hiyo chai na uji vipoe kwanza. Mimina kwenye kisahani, au ngoja dakika chache. Kama unalazimika kuvuta hewa kwa mdomo ili umeze, bado ni moto mno.

Anayekwama chakula hupelekwa hospitali kubwa. Huko humezeshwa mpira mwembamba wenye kamera, na daktari huona ndani ya umio. Hutolewa kipande kidogo kikapimwe. Hospitali ya Bugando Mwanza, KCMC Moshi, na Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam zinawahudumia wagonjwa wa saratani. Ugonjwa ukijulikana mapema, tiba ina nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa. Kukwama kwa chakula si lazima kuwe saratani. Kovu lililoachwa na tindikali nalo linaweza kubana njia, na daktari anaweza kuipanua. Lakini hutajua bila kupimwa.

Ndugu wasomaji, kiungulia cha kawaida tunaweza kukidhibiti wenyewe. Tule mapema, tule kiasi, tukae wima, tuinue kitanda. Na tukimwona baba, mama au jirani ameanza kuacha nyama na ugali kwa sababu vinakwama, tusimpikie uji na kunyamaza. Tumpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tindikali ina faida gani tumboni? Huleta madhara gani ikipanda kwenye umio?

2. Katika kijiji chetu watu hula chakula cha usiku saa ngapi? Tunaweza kubadili nini?

3. Magadi, majivu na udongo vina hatari gani?

4. Mama mjamzito atatofautishaje kiungulia na dalili za kifafa cha mimba?

5. Je, tunamjua mtu ambaye chakula kinamkwama? Nani atampeleka hospitali, na lini?